Sabwufa Mbili Chini ya Kiti cha Baba

Manassas, Virginia
14 Januari 2024

Dada Bilha,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Theluji imelala mbele ya mlango tangu juzi na nimechoka kuizoa kwa koleo. Mke wangu Ineza amebadilishiwa zamu. Sasa anamhudumia bibi mmoja mgonjwa huko Springfield na kurudi jioni. Mtoto wetu Jaël anajifunza fidla shuleni. Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Yeye na Baba wanacheza karata kila siku akitoka shule, na Baba anamwibia waziwazi. Natumaini wewe na binti yako Mumbi hamjambo, na kwamba homa yake imepoa.

Naandika kwa sababu Baba ameagiza. Alikuwa amekaa mbele yangu siku ya Krismasi uliponiita mwizi wa wazee, nami nikakukatia simu. Akasema kama hatuwezi kusemezana bila kutukanana, tuandikiane barua, za karatasi, maana mtu akishika kalamu huona haya kidogo. Basi nimeshika kalamu. Wewe sijui.

Jambo lenyewe ni chumba. Nilikueleza kwamba chini ya nyumba hii kuna besimenti kubwa ambayo ilikuwa imejaa makatoni. Tumetoa takataka zote na sasa besimenti tunaifanya chumba cha kusikilizia muziki. Ni kikubwa kuliko lile kanisa letu la mabati la Lanet, ila dari ni fupi na sakafu ni saruji tupu. Baba ndiye fundi mkuu. Anashinda huko na futi yake ya kupimia, na mimi nikirudi kazini ananipa ripoti.

Spika za mbele hazina ugomvi. Tumechukua mbili ndefu za kusimama sakafuni, kwa sababu kwenye chumba cha ukubwa ule spika za kuweka mezani zingezama. Ugomvi uko kwenye sabwufa, zile spika za besi. Muuzaji anasema moja kubwa inatosha. Mimi nilitaka nne ndogo. Baba amekataa yote. Anataka mbili kubwa kabisa, na anataka zile alizojitengenezea mwenyewe kabla sijaanza shule, yale maboksi ya mbao za mvule yaliyomo stoo ya Lanet. Anasema hakuna kiwanda kilichowahi kutoa besi kama ile.

Kwa hiyo nakuomba uyafungashe, nami nitatafuta mtu wa meli. Ni ya Baba, na Baba ndiye anayeyataka.

Msalimie Mumbi.

Nduguyo,
Kamande


Nakuru
19 Februari 2024

Kamande,

Barua yako imenifikia kupitia karani wa posta aliyenitazama kama mtu aliyefufuka, maana siku hizi hakuna anayepokea barua isipokuwa za mahakama. Mumbi amepona. Mvua haijanyesha, maji tunapata siku mbili kwa wiki. Kwenye kaburi la Mama nimepanda maua tena, yale ya mwanzo yaliliwa na mbuzi. Nakwambia kwa sababu hukuuliza.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu spika na mistari miwili kuhusu Baba. Anakula nini? Dawa ya presha anameza? Kwa nini kila nikipiga simu yake yuko bafuni, au amelala, au ametoka kutembea kwenye theluji hiyo unayoilalamikia? Sijasikia sauti ya baba yangu tangu Novemba. Ninachopata ni ujumbe wa maneno mawili, "Niko sawa." Mtu aliyekuwa akinipigia simu kunieleza ndoto zake leo ananiandikia maneno mawili. Umemfanya nini?

Maboksi hayatoki. Yanafanya kazi kila Jumapili na nimeyaahidi kwenye harusi mpaka Mei. Biashara ya kukodisha vyombo vya muziki ndiyo inayotulisha, mimi na Mumbi na vijana wa mizigo, na haiwezi kufungwa ili wewe ukae kwenye kochi usikilize rumba. Wewe ulipokuwa kijana ukiambiwa ushike upande mmoja wa boksi ulikuwa na mgongo unaouma. Leo unayataka kwa meli.

Hata hivyo, kwa kuwa umeuliza kuhusu sabwufa, nitakujibu kama ninavyomjibu mteja yeyote. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na inaniuma kuliandika. Chumba kirefu chenye dari fupi ukikiwekea mbili kubwa, besi itarundikana kwenye kona na kupotea katikati, na mtu aliyekaa katikati atajiuliza imekwenda wapi. Weka nne ndogo, za boksi lililozibwa, moja katikati ya kila ukuta. Baba anajua hayo, yeye ndiye aliyetufundisha tukiwa bado tunavaa kaptura za shule. Kama kweli amekwambia mbili kubwa, basi alikuwa anakutania, au hukumsikiliza vizuri.

Tiketi yake ya kurudi ni ya Aprili. Nitakuwa uwanja wa ndege kumpokea.

Bilha


Manassas
10 Machi 2024

Dada Bilha,

Kwetu ni wazima. Nashukuru kwa habari ya kaburi la Mama.

Baba harudi Aprili. Tumepeleka maombi ya kumfanya mkazi wa kudumu, maana mimi ni raia na sheria inaniruhusu kumwombea mzazi. Mwanasheria anasema asitoke nchini mpaka yajibiwe. Kabla hujaniita mwizi tena, jua kwamba sikumshurutisha. Nilimuuliza mbele ya Ineza kama anataka kurudi Nakuru, akasema hapana. Nikamuuliza mara ya pili siku nyingine, akasema hapana na akakasirika. Ukitaka, mwandikie mwenyewe umuulize.

Anakula vizuri. Dawa anameza. Simu haipendi tu.

Kuhusu maboksi, kaa nayo. Tumenunua sabwufa mbili za inchi kumi na nane, nyeusi, kila moja ni kubwa kama friji ndogo. Ilibidi tuite wanaume wanne wa kanisani kuzishusha ngazi. Kwa kuwa saruji haipitishi mtikisiko, tumejenga jukwaa la mbao katikati ya chumba, tukaweka kiti cha Baba juu yake na sabwufa hizo mbili chini ya jukwaa, zikitazama juu. Ni wazo lake, na yeye amelipenda. Anakaa hapo kuanzia chai ya saa nne mpaka Jaël anaporudi. Huwa anavua viatu.

Ushauri wako wa nne ndogo niliuthamini. Sikuutumia.

Una miaka mingi umekuwa na Baba peke yako, Bilha. Umembebesha nyaya mvuani mpaka uzeeni, ukamwamsha Jumapili baada ya Jumapili kwenda kufunga vyombo viwanjani, na ukajiita mtoto mwema kwa sababu ulikuwa karibu. Mwache apumzike.

Kamande


Nakuru
2 Aprili 2024

Kamande,

Tuko hai. Mumbi amefaulu mtihani wa kuendesha gari. Mvua imeanza na barabara ya kwetu imekuwa mto. Nimekwisha salimia, sasa nisikilize.

Nilipofika mahali ulipoandika kwamba nilimbebesha Baba nyaya mvuani, niliikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro, nikatembea nayo kichwani siku nzima kama mgonjwa wa meno. Mama alipolazwa ulituma maua. Yalifika hospitali wakati tayari tumemtoa kwenda mochari. Baba aliyapokea, akayashika, akaniuliza tuyapeleke wapi. Wewe hukuiona sura yake, mimi niliiona. Usinifundishe tena namna ya kukaa na mzazi.

Lakini usiku huohuo nililala na kitu kingine, na ndicho kinachonifanya nikuandikie badala ya kukutupa kabisa.

Nimesoma barua zako zote mbili tena na tena. Humo ndani hamna hata neno moja kuhusu sauti nyembamba. Hujaniandikia Baba amesema nini kuhusu twita, zile spika ndogo za juu. Huyu ni mtu aliyeweza kusimama nje ya ukumbi, mlango umefungwa, akamtuma mtu aingie apunguze twita ya kushoto kwa sababu inakwaruza. Wakati wa kununua spika alikuwa anabeba kanda moja ya kwaya, anasikiliza herufi S za wale akina mama, na kama S zinachoma hanunui. Sasa ananunua spika ndefu mbili bila ugomvi, unasema. Baba kununua spika bila ugomvi?

Halafu ati sabwufa chini ya kiti. Alikuwa akitufukuza tukikaa karibu na boksi la besi. Alisema msikilizaji akikaa juu ya sabwufa hasikii muziki, anatikiswa tu. Na bado unaniambia ni wazo lake. Na anavua viatu.

Na hapokei simu tangu Novemba.

Nakuuliza swali moja, na ukinijibu kwa hadithi sitakuandikia tena maisha yangu yote. Baba anasikia? Jibu ndiyo au hapana.

Bilha


Manassas
5 Mei 2024

Bilha,

Hapana.

Sikio la kulia lilizimika Novemba, asubuhi moja tu, aliamka akalikuta limekufa. La kushoto lilikuwa limechoka miaka mingi kwa kazi yake, ninyi mlikuwa mnapaza sauti bila kujua mnapaza. Tulimpeleka kwa madaktari, wakampa vidonge, wakamchoma sindano ndani ya sikio, haikusaidia. Walimpa vile vifaa vya kuvaa masikioni. Alivivaa wiki chache, akasema vinamwaga changarawe kichwani, akavitia kwenye kikombe cha chai. Kilichobaki ni besi kidogo sana upande wa kushoto, na kile kinachopita miguuni. Ndiyo maana ya jukwaa. Akikaa pale bila viatu anajua ni wimbo gani. Anaimba sehemu ya besi na hakosei. Sehemu nyingine zote anazo kichwani, anasema, hazihitaji kuletewa.

Nazungumza naye kwa kuandika kwenye simu, herufi kubwa.

Alinikataza kukwambia. Siku ya Krismasi alitazama uso wangu nikigombana nawe, akadhani nimekutobolea siri, akanishika mkono kwa nguvu sana. Ndipo akaagiza tuandikiane, sababu barua anaweza kuomba kuisoma kabla haijaondoka. Hizi zangu zote amezisoma. Hii hajaisoma. Nimeiandikia kazini.

Sasa ni zamu yangu kuuliza.

Jumapili iliyopita tulikwenda kanisa la Springfield, la Waswahili, ambako Wakongomani wanaongoza nyimbo na Wakenya wanaongoza vikao. Baada ya ibada akaja bwana mmoja anaitwa Kipngetich, dada yake anaishi Lanet. Alipomjua Baba alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Mzee Njuguna, pole sana kwa moto. Tulisikia stoo yote imekwenda." Baba hakusikia kitu. Aliona mtu anamsalimia kwa heshima, akatabasamu akajibu, "Asante, asante, sisi wazima kabisa." Yule bwana alinitazama mimi. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nilimvuta pembeni. Akanieleza kwamba moto ulianzia kwa wachomeleaji wa jirani, kabla ya Krismasi, na hakikuokoka kitu.

Kabla ya Krismasi, Bilha. Na Februari unaniandikia kwamba maboksi yanafanya kazi kila Jumapili na umeyaahidi harusini mpaka Mei. Uliniita mwizi na mwongo huku umekaa juu ya majivu. Nilikuamini. Nilimweleza Baba kwamba umemnyima, na alikukasirikia mwezi mzima kwa kitu ambacho hakipo.

Sijamwambia. Nataka kwanza nisikie utasema nini.

Kamande


Nakuru
30 Mei 2024

Kamande,

Mumbi anakusalimu. Yeye ndiye aliyenikuta na barua yako na ndiye aliyenipikia jioni hiyo.

Ni kweli. Maboksi ya mvule, amplifaya, miksa zote mbili za kurekebishia sauti, nyaya, jenereta. Niliitwa nikiwa saluni, nikakimbia na nywele nusu zimesukwa. Nilipofika paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Mlinzi aliungua mikono kwa sababu alijaribu kulivuta boksi moja la Baba, akalifikisha mlangoni, likamshinda. Amepona sasa. Tangu Januari mimi ni karani kwenye ghala la mahindi. Vijana wa mizigo wamejitafutia kazi kwingine.

Sikumwambia kwa sababu nilitaka awe na kitu cha kurudia. Ndiyo sababu yote. Hakuna mwingine aliyeweza kumwambia, maana laini yake ya Kenya ilizimwa na namba ya huko ninayo mimi tu. Nilifikiri atarudi Aprili, nitamkamata mkono uwanja wa ndege, nitamweleza njiani polepole, na tutakuwa tumekwisha kuwa wawili. Halafu ukaandika kuhusu maboksi. Ningekwambia, ungefanya sherehe. Ungesema, "Unaona, Baba, huko hakuna chako tena." Usikatae. Ungesema.

Na mimi nimeyalilia masikio yake, lakini sitakulilia wewe. Miezi mitano nilikuwa napiga simu kwa mtu asiyesikia, nawe ukinidanganya yuko bafuni. Ningekuwa nimemwandikia barua kila wiki. Ningemwandikia kurasa na kurasa. Hilo umeninyang'anya, na halirudishwi.

Habari ya moto mwambie wewe. Ulimtaka Baba, unaye, basi chukua na mzigo wake. Mimi niliubeba nikiwa peke yangu.

Bilha


Manassas
7 Julai 2024

Bilha,

Salamu za nyumba nzima. Jaël amefunga shule. Joto la huku sasa ni la kumtoa mtu jasho akiwa amesimama.

Nimemwambia.

Nitakueleza ilivyokuwa, na nitakueleza kwa ukweli, kwa sababu hata nikikuficha yeye atakusimulia. Sikumwambia kwa huruma. Nilimwambia nikijua kwamba habari ile itamfunga hapa. Ulichoandika kwamba ningesema, nilikuwa tayari nimekisema moyoni. Nilifikiri, stoo haipo, vyombo havipo, sasa ataacha kuota Lanet na kukaa kwenye chumba chake kwa amani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Ineza yuko kazini. Nilishuka nikamkuta juu ya jukwaa, macho yamefumbwa, nyayo juu ya mbao. Nilizima muziki. Akafumbua macho mara moja. Nikampa simu. Nilikuwa nimeandika kila kitu: moto, mwezi ulipotokea, wachomeleaji, vyombo, na kwamba wewe umejua siku zote.

Alisoma. Akarudi juu akasoma tena. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya sasa inayopanda na kushuka bila yeye kujua, "Mlinzi alitoka?"

Nikaandika kwamba alitoka, aliungua mikono akivuta boksi. Alisema huyo mlinzi ni mjinga, na akajifuta macho kwa kofia yake.

Nilikaa chini kwenye ukingo wa jukwaa nikamwandikia kwamba asiwe na wasiwasi, nyumba hii ni yake, chumba hiki ni chake, mwanasheria anaendelea vizuri. Alisoma, akanirudishia simu, akasema, "Sasa naweza kurudi."

Nilidhani amenielewa vibaya. Nikaandika tena kwa herufi kubwa zaidi, KULE HAKUNA KITU. Akacheka.

"Ndiyo maana," akasema. "Ningerudi vyombo vikiwapo, kila mtu angenisubiri niseme kama vinalia vizuri. Bilha angeniwashia miksa aniangalie. Ningesimama mbele ya maboksi yangu kama mtu aliyesahau jina la mkewe. Heri ningekufa huku. Sasa hakuna wa kunisubiri niseme kitu. Nikatie tiketi."

Nilibishana naye siku nne kwa vidole, mpaka simu ikaisha chaji mkononi mwangu. Nilimwambia kuhusu madaktari. Akasema masikio yake ni mafu Virginia na yatakuwa mafu Nakuru, ni yaleyale. Nilimwambia maombi yatafutika akiondoka. Akasema sawa. Nilimwambia nimemjengea chumba hiki kwa mikono yangu. Akaja akanishika shingo kama alivyokuwa akinishika zamani tukivuka barabara, na akasema, "Ni chumba kizuri, Kamande. Kaa wewe." Nikamkatia tiketi.

Anafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Usimkumbatie kwa nyuma, anashtuka. Ukizungumza naye simama mbele yake, kwenye mwanga, asome midomo, ameanza kuweza. Usipige kelele, haisaidii na inamwudhi. Dawa ya presha ni kila asubuhi.

Umeshinda, Bilha. Sikupongezi.

Kamande


Nakuru
18 Agosti 2024

Kamande,

Sisi sote tuko salama, Baba akiwemo. Amenenepa, Ineza mpe shukrani zangu, wewe subiri kidogo.

Alitoka uwanjani akisukuma mkokoteni, akanitazama kutoka mbali, na kabla sijafungua mdomo akanipa simu yake. Alikuwa amekwisha kuandika ndani ya ndege, "Nimeambiwa kila kitu. Usianze kulia hapa." Nilianza. Njia nzima mpaka Nakuru alitazama dirishani tu akitaja majina ya mahali kwa sauti kubwa, na dereva akadhani anamwelekeza.

Siku ya pili alitaka kuona mahali palipokuwa stoo. Nilimpeleka. Majivu yamekwisha kuota nyasi. Alipiga mateke kipande cha bati, akamtafuta mlinzi, akamshika ile mikono yenye makovu akaigeuza huku na huku. Sikusikia alimwambia nini. Mlinzi alikuwa akilia na Baba alikuwa akimkaripia.

Kilichonifanya nikuandikie ni Jumapili. Alisema anataka kuwaambia watu mwenyewe. Kanisa lilikuwa limekodi vyombo kwa watu wa mjini, vyombo vipya, vijana wasiojua kazi, nami nimezoea kusimama karibu na miksa hata kama si yangu. Mchungaji alipomaliza matangazo akamwita. Baba alipanda, akachukua kipaza sauti, na moja kwa moja akatembea nacho mbele ya spika.

Unajua kilichotokea. Ile firimbi ya kipaza sauti kikikaribiana na spika. Ililia kanisa zima, watu wakaziba masikio, watoto wakapiga kelele, mama mmoja akainama chini ya benchi. Mtu yule ambaye maisha yake yote alikuwa akiruka viti kwenda kuua mlio kama ule, alisimama katikati yake akisema kwa utulivu, "Ndugu zangu, masikio yangu yamekufa. Yamekufa yote mawili. Msinione nimewapita njiani mkadhani nina majivuno. Nishikeni bega." Aliendelea kusema hivyo, na mlio unaendelea, na hakuna aliyesikia neno ila sisi wa mbele.

Mkono wangu ulikuwa umefika kwenye miksa kabla ya wa yule kijana aliyekuwa akiiendesha. Nilishusha sauti, mlio ukafa. Baba aliona nyuso zimebadilika akajua kuna kitu. Alinitafuta kwa macho. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba arudi nyuma ya spika na aanze tena. Akarudi, akaanza tena kuanzia "Ndugu zangu," kila neno lilelile, na safari hii walisikia wote.

Walisimama. Walipiga makofi kwa muda. Yeye alikuwa akinitazama mimi tu, anangoja nimwambie, nikamwonyesha dole gumba. Aliposhuka watu walimshika mabega mpaka koti likamtoka upande mmoja.

Tukiwa tunatembea kurudi nyumbani alisimama njiani, akanigeukia uso kwa uso kama ulivyoagiza, akaniuliza, "Kamande amesikia?"

Sijui alifikiri uko wapi. Labda alikuwa amechoka tu. Nilimwambia uko mbali, na kwamba bado sina mapatano nawe, na sina. Akanisoma midomo mpaka mwisho, akasema, "Basi mwandikie."

Nimekuandikia.

Bilha